NYUMBA YETU: Kabla ya Kununua Kigeuzi cha Sauti



Miezi miwili iliyopita tulipokea barua ya mama mmoja, mke wa sajini wa jeshi, akaaye pamoja na mumewe na watoto wanne katika kota za kambi moja ya nchi yetu. Alituomba tusilitaje jina lake, nasi tumemtimizia ombi hilo. Barua yake haikuwa ndefu, lakini jambo alilolieleza lawahusu wengi miongoni mwenu, kwa hiyo tumelitengea nafasi yote ya juma hili.

Alieleza kwamba mumewe ni mpenzi mkubwa wa muziki wa zamani, hasa wa Afrigo Band, iliyoanzishwa mwaka 1975, na wa marehemu Franco wa Kongo. Kwa kuwa chumba ni kimoja na watoto hulala mapema, na kwa kuwa jirani wa ukuta wa pili huamka alfajiri kwenda zamu, yule bwana husikiliza muziki wake kwa hedifoni, yaani zile spika ndogo za kuvaa masikioni, zilizochomekwa katika simu. Tangu mwanzo wa mwaka amekuwa akilalamika kwamba magitaa yamefifia na matoazi hayalii tena kama zamani, hasa upande wa kushoto. Kila akilalamika huongeza sauti. Muuza duka mmoja mjini akamwambia kwamba kosa ni la simu, na kwamba hapana budi anunue kigeuzi cha sauti, kifaa ambacho madukani hukiita daki. Bei ya kifaa hicho yakaribia karo ya muhula mmoja ya mtoto wao wa pili.

“Mwalimu,” aliandika yule mama, “je, kifaa hiki ni cha kweli, au ni udanganyifu wa wafanyabiashara? Na ikiwa ni cha kweli, je, inafaa mtoto akae nyumbani muhula mzima kwa ajili yake?”

Kifaa ni cha kweli. Lakini kabla ya kutoa fedha, ni lazima tujue kinafanya kazi gani na ni kazi gani ambayo hakiwezi kuifanya.

Kazi ya kigeuzi

Sauti ni mtetemo wa hewa unaopanda na kushuka kama vilima na mabonde. Katika kanda na sahani za zamani, vilima na mabonde hayo yalihifadhiwa kwa umbo lake lenyewe. Hiyo ndiyo njia iitwayo ya analojia. Katika njia ya dijitali, sauti huhifadhiwa kwa tarakimu. Mfano wake ni mpima ardhi anayepita juu ya kilima na kuandika urefu wake kila baada ya hatua moja. Akimaliza, daftari lake halina kilima ndani yake, lina tarakimu tu. Mtu mwingine akilipokea daftari hilo aweza kulijenga upya umbo la kilima kile. Huyo mjenzi ndiye kigeuzi: hupokea tarakimu na kuzirudisha kuwa umeme unaopanda na kushuka, na umeme huo ndio unaozitetemesha spika za hedifoni.

Sahani za CD, zilizoanza kuuzwa nchini Japani mwezi wa Oktoba 1982 kutokana na kazi ya kampuni za Sony na Philips, hupima sauti mara 44,100 katika kila sekunde. Kila kipimo huwekwa katika ngazi mojawapo kati ya ngazi 65,536, na hiyo ndiyo maana ya maneno “biti 16” yaandikwayo katika masanduku. Wataalamu Harry Nyquist na Claude Shannon walikwisha kueleza zamani, katika miaka ya 1928 na 1949, kanuni ambayo juu yake kazi hii imejengwa: ukipima zaidi ya mara mbili kwa kila mtetemo wa sauti iliyo nyembamba kuliko zote, sauti yote yaweza kurudishwa kamili. Sikio la kijana mwenye afya husikia hadi mitetemo 20,000 kwa sekunde, na mtu wa makamo aghalabu hushuka hadi 15,000 au chini yake. Basi vipimo 44,100 vyatosha kwa sikio la binadamu, tena na ziada.

Hapa ndipo mnunuzi anapopotezwa. Sanduku moja limeandikwa 96,000, la pili 192,000, na la tatu 768,000 pamoja na biti 32, na kila tarakimu ikikua bei nayo hukua. Mwaka 2007 watafiti wawili wa Marekani, Meyer na Moran, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya na wasikilizaji wengi. Walicheza sahani za sauti ya hali ya juu, kisha wakaipitisha sauti ile ile katika kipimo cha kawaida cha CD, na msikilizaji akatakiwa kuzitambua bila kuambiwa. Katika majaribio 554, waliotambua sawasawa walikuwa 276, yaani karibu nusu. Mtu anayerusha sarafu hewani angepata kiasi hicho hicho.

Huenda tayari unacho

Jambo ambalo muuza duka hakumwambia sajini wetu ni kwamba simu yake tayari ina kigeuzi. Kila simu yenye tundu la hedifoni inacho ndani, kadhalika kila kompyuta yenye tundu hilo. Kama sivyo, isingeweza kutoa sauti hata kidogo. Swali la haki, basi, ni kama kilichopo kina kasoro ambayo kipya kitaiondoa.

Nasi twaona kwamba kununua kigeuzi cha nje kunafaa katika hali zifuatazo:

Kwanza, ikiwa simu yako haina tundu la hedifoni, au tundu limevunjika. Mwaka 2016 kampuni ya Apple ilipoondoa tundu hilo katika simu yake ya iPhone 7, ilitengeneza waya mfupi wa kuunganishia, na waya huo uliuzwa peke yake nchini Marekani kwa dola 9. Ndani ya waya ule, ambao wakaa katika kiganja cha mtoto, mna kigeuzi kamili. Kampuni nyingine zimeufuata mfano huo, na kwa nyumba nyingi kifaa cha namna hii chatosha kabisa. Lakini angalia: ziko waya za bei rahisi zinazofanana nacho kwa sura ambazo ndani hazina kigeuzi chochote. Hizo hutegemea simu itoe umeme wa analojia kupitia tundu la chaji, na si kila simu hufanya hivyo. Nenda dukani na simu yako na hedifoni zako, ujaribu hapo hapo kabla ya kulipa.

Pili, ikiwa wasikia mvumo au mikwaruzo wakati muziki umesimama, hasa katika kompyuta, au simu inapokuwa imechomekwa katika chaji. Katika kompyuta, umeme wa vyombo vingine vya ndani huingilia njia ya sauti, na kigeuzi kilicho nje ya sanduku lake huweza kuiepuka adha hiyo. Kwanza, hata hivyo, chomoa chaji usikilize tena. Mvumo ukitoweka, huenda kasoro ni ya chaji yenyewe, na chaji nzuri ni rahisi kuliko kigeuzi. Kwa redio kubwa au televisheni yenye tundu la mwanga, waya wa mwanga hausafirishi umeme kabisa, hivyo mvumo hauwezi kupita humo.

Tatu, ikiwa hedifoni zako zahitaji nguvu nyingi. Upinzani wa hedifoni hupimwa kwa omu. Nyingi za kutumia na simu zina omu 16 au 32, na simu yaziendesha bila taabu. Lakini hedifoni kama Sennheiser HD 600 zina omu 300, na Beyerdynamic DT 770 Pro zimeuzwa katika namna tatu, za omu 32, 80 na 250. Ukizichomeka zile za omu nyingi katika simu dhaifu, sauti yaweza kuwa ndogo mno hata ukifika mwisho. Hapo kinachopungua ni nguvu, na mwenye kutoa nguvu ni kikuza sauti. Vigeuzi vingi vya nyumbani vina kikuza sauti ndani ya kisanduku kimoja. Hakikisha kwamba unachonunua kinacho.

Na ziko hali ambazo kununua ni kutupa fedha. Ikiwa hedifoni zako hazina waya na hupokea sauti kwa Bluetooth, kigeuzi kimo ndani ya hedifoni zenyewe, na chochote utakachokichomeka katika simu hakitaziongezea kitu. Ikiwa wimbo wenyewe umenakiliwa vibaya, au umebanwa mno ili uchukue nafasi ndogo, kigeuzi kitakupa ubaya ule ule kwa uaminifu. Nyimbo nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilirekodiwa katika kanda, na kile ambacho kanda haikukinasa hakuna chombo cha leo kitakachokirudisha. Mwishowe, ikiwa hedifoni ni duni, badili hedifoni kwanza. Tofauti kati ya hedifoni mbaya na nzuri husikika na mtu yeyote. Tofauti kati ya vigeuzi viwili vilivyo vizima aghalabu haisikiki.

Namna ya kuchagua

Ukiisha kuona kwamba wakihitaji, yatazame mambo manne. Kitambuliwe na simu au kompyuta yako bila kudai programu ya pekee. Upinzani wa tundu lake la kutolea sauti usizidi sehemu moja ya nane ya upinzani wa hedifoni zako; kwa hedifoni za omu 32, usizidi omu 4. Ukizidi, baadhi ya hedifoni hubadilika sauti na kuvimba katika besi. Kifaa kisiwe na mvumo unapovaa hedifoni bila kucheza wimbo. Na kiwe na waya au tundu imara, kwa maana katika maisha ya kambini, yenye uhamisho wa mara kwa mara, plagi ndiyo ifayo kwanza.

Tarakimu za 44,100 au 48,000 pamoja na biti 16 zatosha kwa kusikiliza. Usilipe senti moja zaidi kwa ajili ya tarakimu kubwa kuliko hizo.

Dukani usikubali kufanyiwa jaribio la hila. Sikio la binadamu hudhani kwamba sauti iliyo kubwa kidogo ndiyo iliyo nzuri zaidi, na muuza duka mjanja ajua hivyo. Tumia wimbo mmoja, hedifoni moja, na sauti iliyosawazishwa. Mpe mwenzako kazi ya kubadilisha vifaa huku wewe umegeuka, kisha sema ni kipi, mara 10. Ukipatia mara 5 au 6, umekisia tu. Ukipatia mara 9, hapo twaweza kusema kwamba sikio lako limesikia jambo.

Jaribio ambalo halina gharama

Tulipomaliza kuyaandika hayo tuliirudia barua ya yule mama, na maneno matatu yakatuzuia: “upande wa kushoto”. Kigeuzi kikiharibika chaweza kuharibika upande mmoja, ni kweli, na hata waya wa hedifoni hukatika upande mmoja. Lakini mumewe ni sajini, naye amefundisha kulenga shabaha kwa miaka mingi. Kwa hiyo hatukuichapa barua mara moja. Tulimwandikia kwanza tukamwomba afanye jaribio hili, ambalo nanyi mwaweza kulifanya leo jioni.

Vaa hedifoni kama kawaida, ucheze wimbo unaoujua vizuri, na uangalie ni upande gani uliofifia. Kisha zivue, uzigeuze, uvae ile ya kulia katika sikio la kushoto na ile ya kushoto katika sikio la kulia. Wimbo uwe ule ule na sauti iwe ile ile. Ikiwa ufifiaji umehamia sikio la pili, kosa ni la chombo: la hedifoni, waya, tundu au kigeuzi. Ikiwa ufifiaji umebaki katika sikio lile lile, chombo ni kizima, na lenye shida ni sikio.

Mlio wa bunduki hupita desibeli 140. Ndani ya sikio mna chembe ndogo sana zenye nywele, zipatazo 15,000 kwa kila sikio, ambazo huupokea mtetemo na kuupeleka katika neva. Zikifa hazioti tena. Hutangulia kufa zile za sauti nyembamba, nazo ndizo zinazosikia matoazi na ncha za nyuzi za gitaa, pamoja na herufi kama s, f na sh katika maneno. Mtu husikia kwamba anaitwa, lakini halipati neno vizuri. Na askari anayelenga kwa bega la kulia huukingia mlio sikio lake la kulia kwa kichwa chake mwenyewe, huku sikio la kushoto likielekea mdomo wa bunduki. Ndiyo sababu kwa wapiga risasi wengi sikio la kushoto hutangulia kudhoofika.

Majibu ya mama huyo yalifika baada ya majuma matatu. Waligeuza hedifoni mara tatu, na mara zote tatu upande wa kushoto ukabaki kushoto. Mumewe alikasirika mwanzoni, akasema kwamba hedifoni ndizo mbovu. Wakaazima nyingine kwa jirani, mambo yakawa yale yale. Siku ya tatu alikwenda hospitali mwenyewe, bila kusukumwa. Walimtoa nta kidogo, wakampima usikivu, wakamweleza kwamba sikio la kushoto limepoteza sehemu ya sauti nyembamba na kwamba sehemu hiyo haitarudi, ila iliyobaki yaweza kulindwa.

Namna ya kuilinda ndiyo hii. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba sauti ya desibeli 80 isikilizwe kwa muda usiozidi saa 40 kwa juma, na ile ya desibeli 90 kwa muda usiozidi saa 4 kwa juma. Mwone jinsi muda unavyopungua upesi: kila desibeli 3 zikiongezeka, muda wa salama hukatwa nusu. Mtu ambaye sikio lake limedhoofika huongeza sauti ili alipate toazi lake, na kwa kuongeza huliua lile lililosalia. Kigeuzi chenye nguvu, ambacho muuza duka alitaka kumwuzia, kingemwezesha kufanya hivyo kwa ukamilifu zaidi. Simu nyingi zina mahali pa kuweka kikomo cha sauti. Kiweke, nacho kiwekwe pia katika simu za watoto. Katika uwanja wa shabaha, vaa vizibo vya masikio kila mara, na mkufunzi awe wa kwanza kuvaa, kwa maana kuruta humtazama yeye. Na msomaji ambaye sikio moja limeziba ghafla, kwa saa chache au siku moja, asingoje barua ya gazeti: aende kwa daktari siku ile ile. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Karo imelipwa, na mtoto yuko darasani. Sajini wetu ameendelea na simu yake ile ile na hedifoni zile zile. Muziki haumwii kama zamani, na hatuna dawa ya kumpa. Lakini katika barua yake ya pili mkewe ameongeza neno ambalo, kwa ruhusa yake, twalichapa:

“Kwa miaka miwili nilidhani kwamba mume wangu ananidharau. Nikimwita nikiwa jikoni, upande wake wa kushoto, hajibu. Nilimtuma mayai sita akaniletea tisa, nikamgombeza mbele ya watoto. Sasa ninaketi kuliani kwake, nasema polepole, nasi twaelewana. Watoto nao nimewafundisha. Naomba wake wa askari wenzangu wasome habari hii kabla hawajagombana.”

Basi nasi twawaomba msome, na aliyesoma amsomee mwenzake. Ikiwa katika nyumba yenu yuko mtu asiyejibu akiitwa upande mmoja, anzeni na hedifoni za kuazima na wimbo mmoja mnaoujua. Jaribio halichukui dakika kumi.

Juma lijalo tutamjibu askari polisi aliyetuuliza jinsi ya kuhifadhi maharagwe ya gunia yasiingiwe na wadudu. Hadi hapo, kwaherini.